Nani kafungua faili lako? Siri ya mgonjwa tangu tuhamie kwenye kompyuta

Nilinunua karanga za mia mbili Ngamiani, barabara ya 12, kwa kijana anayetembeza na sinia, nikala zote nikabaki na ile karatasi iliyokunjwa kama pembe, nikaikunjua tu bila sababu. Ilikuwa fomu ya maabara. Juu jina kamili la mwanamke, umri, mtaa anaokaa, chini mwandiko wa kalamu ya bluu, kipimo cha kaswende na jibu lake. Nimefanya kazi ya kuingiza takwimu kwenye vituo vya afya hapa Tanga kwa miaka, kwa hiyo fomu ile naijua hata ukinipa gizani, na mtaa ulioandikwa pale ni wa pili kutoka kwetu. Nikarudi mbio kumtafuta yule kijana, nikamwomba anionyeshe karatasi zilizobaki, kumbe chini ya sinia ana bunda zima, nikalinunua lote kwa elfu tatu akabaki kanishangaa maana yeye dukani anapimiwa kwa kilo. Usiku nikazichoma kwenye jiko la mkaa uani. Nilijitahidi nisisome majina lakini mengine niliyasoma.

Nikimsimulia mtu hii habari jibu ni lilelile, si ndo maana kompyuta zimekuja, sasa hivi kuna GoTHoMIS, ile sistimu ya serikali ya kuendeshea hospitali na vituo, hakuna tena mambo ya mafaili kuuzwa kwa kilo. Kwa sehemu ni kweli. Ila mimi nimekaa mbele ya hizo kompyuta na wasiwasi wangu umeongezeka, haujapungua, maana karatasi ile ilikuwa ya mama mmoja, na mpaka inifikie mimi ilibidi itupwe, iokotwe, iuzwe, ifungiwe karanga. Kwenye sistimu mtu aliyekaa kwenye kiti chake anaandika herufi tatu za jina na anamuona kila anayeitwa hivyo aliyewahi kutibiwa pale, anasoma, anafunga, anaendelea na kazi, na kabatini hakuna faili lililopungua.

Tuanze na maneno kwanza, maana hapa ndo watu wanapochanganya, hata kwenye semina zetu tulikuwa tunachanganya. Kuna faragha, kuna usiri, kuna usalama. Faragha ni mali yako wewe mgonjwa, ni haki yako kuamua nani ajue nini kuhusu mwili wako, na imo mpaka kwenye Katiba ya nchi, ibara ya 16. Ukiingia kwa daktari ukamwambia una kidonda sehemu ambayo hujawahi kumuonyesha mtu, umekata kipande cha faragha yako umemkabidhi, na kuanzia hapo yeye ana deni kwako, na hilo deni ndo usiri. Ni la zamani, viapo vya waganga wa Ugiriki ya kale vinalitaja, na kiapo cha Geneva ambacho madaktari duniani wanakitumia tangu 1948 leo kinasema siri ya mgonjwa inatunzwa hata akishakufa. Hilo la mwisho kwetu ni gumu kweli, kwa sababu msibani swali la kwanza ni alikuwa anaumwa nini, na kama kuna nesi anakaa mtaa ule basi macho yote kwake, na akinyamaza anaonekana ana maringo.

Usalama sasa ni vyombo. Paswedi, antivairasi, kufuli la chumba cha seva, nakala ya akiba isiyokaa jengo moja na kompyuta yenyewe. Watu wa TEHAMA wanapenda kuongelea huu kwa sababu unanunulika, unaleta boksi unalifunga ukutani kazi imeonekana. Lakini usalama unaweza ukawa umekamilika kabisa na usiri ukawa umevunjika saa hiyohiyo, kwa sababu anayeuvunja ana ufunguo wake halali.

Ureno kuna mji unaitwa Barreiro, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Mwaka 2018 hospitali ya pale ilipigwa faini ya euro 400,000 na mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi yao, na hakuna mhalifu yeyote wa mtandaoni aliyeingia humo. Wakaguzi walihesabu tu. Wakakuta kwenye sistimu kuna akaunti 985 zenye haki za daktari, na madaktari wenyewe walikuwa 296. Maana yake kuna karibu akaunti 700 ambazo zingeweza kufungua kila kitu anachofungua daktari, na si za daktari aliyepo kazini. Nyingine ni za watu walioondoka na hakuna aliyekumbuka kuzifunga, na nyingine, kama ilivyo kila mahali, mtu alipewa haki kubwa kwa sababu kumpangia haki ndogo inayomtosha ni kazi ya nusu saa na watu wana haraka.

Mimi nilivyosoma ile habari nilikumbuka kituo kimoja nilichofanya kazi, sikitaji. Pale mapokezi kulikuwa na kompyuta moja, na pembeni ya skrini kuna kijikaratasi kimebandikwa kwa selotepu, jina la kuingilia na paswedi ya dokta wetu wa zamu, herufi kubwa kabisa ili usikosee. Hakuna aliyekiweka kwa ubaya. Asubuhi foleni watu 60, sistimu ikikata inachukua dakika kadhaa mpaka irudi, vijana wa kujitolea wameletwa wasaidie lakini akaunti zao hazijafunguliwa wiki ya tano sasa, kwa hiyo ukisema kila mtu aingie kwa jina lake utakuwa umesema wagonjwa wasitibiwe. Na skrini yenyewe ilikuwa imetazama benchi. Mama aliyekaa benchi la kwanza na mtoto mgongoni alikuwa anasoma jina la aliyeko dirishani, na kama ana macho mazuri anasoma na kilichomleta.

Sasa ikatokea dada mmoja majibu yake yakafika ukweni kabla hajayasikia yeye. Sitasema majibu gani. Wifi yake alimwambia tarehe aliyopima na kipimo alichopima. Akaja kituoni, hakupiga kelele, alikaa tu na khanga yake kaishika mdomoni, akauliza nani kafungua faili langu. Swali zuri, na sistimu ilikuwa na jibu lake, kwa sababu kila faili likifunguliwa linaandika akaunti gani na saa ngapi. Tukaangalia. Faili lilifunguliwa mara nne siku ile, zote kwa akaunti ya dokta, na mara mbili kati ya hizo dokta alikuwa hayupo kituoni kabisa. Yaani tulikuwa na kumbukumbu kamili inayomtaja mtu ambaye hakuhusika, na aliyehusika tukawa hatuna njia ya kumpata, na yule dada akaondoka na jibu la kwamba hatujui. Mpaka leo naamini kile kijikaratasi kilimuumiza kuliko hata aliyesambaza, kwa sababu kilimnyima haki yake hata ya kulalamika. Na kilimuumiza dokta pia, mtaani kuna watu wanaamini ni yeye.

Kwa hiyo kanuni ambayo watu wa maadili ya afya wanaishikilia ni kwamba mtu aone kile tu ambacho kazi yake ya saa ile inamdai aone. Ukiisikia ni rahisi, ukija kuipanga kwenye sistimu inakutoa jasho. Mtu wa mapokezi anahitaji jina, namba ya faili, bima, basi. Mtu wa dirisha la malipo anahitaji bei, lakini bei inakuja na jina la kipimo, na jina la kipimo peke yake tayari limesema jambo, halafu linachapwa kwenye risiti, risiti mgonjwa anaenda nayo nyumbani mfukoni na shati linafuliwa na mtu mwingine. Mfamasia huwezi kumficha dawa, na dawa nyingine ukiiona umejua ugonjwa. Bima nao hawalipi bila kuambiwa mgonjwa alikuwa na nini, kwa hiyo ugonjwa wako unasafiri kama msimbo mpaka ofisi ambayo hutaiona maisha yako. Kila hatua hapo ina sababu ya haki, na ukizijumlisha unakuta ugonjwa mmoja umepita mikono kumi kabla hujafika getini. Hapo namuelewa mtu anayesema siri haiwezekani tena. Mimi nasema inawezekana kupunguza mikono, na risiti ikiandikwa "maabara" badala ya jina la kipimo hakuna mahesabu yatakayoharibika, mradi ndani ya sistimu kipimo kinajulikana.

Na karatasi ya ED, ile ya daktari ya kukupumzisha kazi kwa ugonjwa, hivyohivyo. Mwajiri wako anachotakiwa kujua ni kwamba huwezi kazi kwa siku tano. Nimeona ED zimeandikwa ugonjwa kwa kirefu, anapewa bosi, bosi anamwachia sekretari, na jioni idara nzima inakupa pole ya ugonjwa ambao mkeo hujamwambia.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni nzito na siwezi kuipita. Ukibana sana unaua. Ajali imeletwa usiku, mtu hana fahamu, daktari wa zamu si daktari wake, anataka kujua kama ana mzio wa dawa, na sistimu inamwambia huna ruhusa. Kwa hilo kuna njia inayofahamika, mlango wa dharura, daktari anabonyeza kwamba hii ni dharura, anaandika sababu kwa maneno machache, faili linafunguka hapohapo, na kesho asubuhi kuna mtu ambaye kazi yake ni kupitia orodha ya milango yote ya dharura iliyofunguliwa na kuuliza. Huyu mtu wa asubuhi ndo anakosekana. Sistimu zinaandika kila kitu na hakuna anayesoma. Na ndo maana yule anayechungulia faili la jirani yake hana hofu.

Singapore wana mitambo mizuri kuliko mingi, lakini Januari 2019 wizara yao ya afya ilitangaza kwamba majina ya watu 14,200 wenye VVU yamewekwa mtandaoni, na chanzo hakikuwa mdukuzi, ilikuwa orodha iliyoshikwa na daktari aliyekuwa na ruhusa kamili ya kuishika, ikaangukia kwa mtu wake wa karibu. Watu 14,200, kila mmoja na mtu ambaye alikuwa hajamwambia.

WhatsApp sasa. Hili najua nitawaudhi rafiki zangu. Kwenye zahanati iliyoko ndani huko wilayani, tabibu yuko peke yake, mtoto ana upele ambao hajawahi kuuona, anapiga picha anaitupa kwenye grupu, ndani ya dakika kumi bingwa aliyeko mjini kajibu, mtoto kapona. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sitaki mtu aje aliue kwa waraka. Ila angalia picha inaenda wapi. Imeingia kwenye simu za watu wote waliomo kwenye grupu, kwenye nyingi inajihifadhi yenyewe kwenye galari ya picha pamoja na za harusi, simu nyingine zinaipandisha mtandaoni kwenye akaunti ya mwenye simu bila kuuliza, wiki ijayo mmoja kaharibikiwa kioo kapeleka kwa fundi na paswedi kamwandikia. Kama picha ina uso, au ina kona ya cheti yenye jina, mgonjwa kashafika kwa fundi simu. Piga upele tu, funika cheti, andika "mtoto wa miaka 4" inatosha, bingwa hahitaji jina la mtoto kujua ule ni upele gani, na kesi ikiisha futa. Mwambie na mama yake kabla hujapiga, kwa lugha yake, kwamba namuuliza mwenzangu. Sijawahi kuona mama anakataa akiambiwa hivyo. Wanaoudhika ni wanaogundua baadaye. Na zile picha za kituo kwenye Instagram, mzee kafungwa bandeji jichoni kashika chandarua, anatazama kamera kwa sababu kaambiwa tazama huku, ile si idhini, mtu aliyepewa huduma bure hajui kama anaweza kusema hapana.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni takwimu. Mtu anasikia taarifa za wagonjwa zinatumwa wizarani kila mwezi anashtuka, anadhani jina lake limeenda Dodoma. Kwenye MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za vituo vya afya, majina yanabaki kwenye vitabu vya kituo, kinachopanda juu kwenye DHIS2, programu ya kujumlisha takwimu, ni hesabu, malaria wangapi chini ya miaka 5, wajawazito wangapi wamekuja hudhurio la kwanza, na bila hizo hesabu dawa haziji kwa kiasi kinachotakiwa. Hapo hamna siri inayovuja. Utafiti una njia yake. Ile chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kwa watoto 15,460 kwenye nchi 7 za Afrika, vituo viwili vilikuwa kwetu, Bagamoyo na hapa Korogwe. Kwenye majaribio ya aina ile mtoto anapewa namba, fomu zinatembea na namba, na kitabu kinachounganisha namba na jina kinafungiwa mbali na fomu, na kabla ya yote kuna kamati ya maadili imekaa ikasoma mpango mzima. Mzazi anaelezwa, anasaini, na anaweza kujitoa.

Lakini kuondoa jina peke yake hakutoshi, na huu ndo mtego ambao hata watu wa kompyuta wanauingia. Miaka ya tisini huko Massachusetts, Marekani, taarifa za matibabu za wafanyakazi wa serikali ya jimbo zilitolewa kwa watafiti zikiwa hazina majina, na gavana William Weld akawahakikishia watu kwamba wako salama. Mwanafunzi mmoja wa MIT, Latanya Sweeney, akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge alikokuwa anakaa gavana, kwa dola 20. Akalinganisha. Waliozaliwa siku moja na gavana mle mjini walikuwa sita, wanaume watatu, na mwenye namba ya posta yake alikuwa mmoja tu, gavana mwenyewe. Akawa na matibabu yake yote mkononi. Baadaye akaonyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta.

Sisi huku wala hatuhitaji daftari la wapiga kura. Toa jina, niachie "mwanamke, miaka 41, Pongwe, kajifungua mapacha watatu mwezi wa nane" halafu uniambie nani Pongwe hamjui. Ndo maana jedwali likiwa na kisanduku chenye mtu mmoja au wawili kwenye kijiji kimoja halitakiwi kutoka nje hivyohivyo, unaunganisha vijiji, unaunganisha na miaka ya umri mpaka liwe kundi. Nilikuwa natuma majedwali ya namna hiyo kwenye fleshi kwa mtu yeyote aliyesema anatoka chuo. Hakuna aliyenifundisha, na sasa hivi nikikumbuka nasikia vibaya.

Sheria tunayo. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 1, 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, yaani zinazotaka uangalizi wa juu kuliko namba ya simu au anuani. Kuna Tume yake, na mwananchi aliyeumizwa anaweza kupeleka malalamiko pale, pia ana haki ya kuomba kuona taarifa zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Na kabla ya hapo kulikuwa tayari na sheria ya UKIMWI ya 2008 inayosema majibu ya kipimo cha VVU ni siri na yanatolewa kwa aliyepimwa, ikaacha milango michache inayotajwa kabisa, kama mzazi au mlezi wa mtoto, na mahakama. Wifi hayumo.

Mwaka 2019 ile sheria ilirekebishwa, umri wa kupima bila idhini ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Uamuzi mzuri, mabinti wengi walikuwa hawapimi kwa kuogopa nyumbani. Lakini weka hilo kwenye sistimu uone. Binti wa miaka 16 kapima mwenyewe, kisheria majibu ni yake. Mapokezi wamemuuliza namba ya simu kataja ya mama yake, kwa sababu yeye hana simu, na wiki mbili baadaye sistimu inatuma meseji yenyewe, mteja wa CTC, yaani kliniki ya VVU, unakumbushwa tarehe yako ya dawa. Hakuna mtu aliyefanya kosa pale, kila mmoja kafanya alichoambiwa, na siri imeingia sebuleni saa mbili usiku wakati mama anatafuta salio la vocha. Ile meseji ingesema tu "una miadi tarehe 14" madhara yangekuwa nusu. Na kabla ya meseji kulikuwa na swali ambalo halikuulizwa.

Simu kwetu si za mtu mmoja. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, simu anakaa nayo bibi mchana kwa sababu watoto wa mjini wanampigia, jioni inachezewa gemu na wajukuu. Anayetengeneza programu akiwa ofisini anaona namba moja mtu mmoja, na hapo ndo vitu vingi vinapoharibika.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki ya sukari. Dirishani alikuwa binti mdogo, nesi mpya, skrini kaigeuzia ukutani, kila akinyanyuka anaifunga kwanza, na wenzake nyuma wanalalamika anawachelewesha. Akaangalia kadi ya mama akamuuliza, "Shikamoo bibi, hii namba ya simu ni ya kwako mwenyewe? Nani mwingine anaishika?" Mama akanigeukia kama anauliza hili swali gani. Nikamwambia jibu tu mama. Akafikiria kidogo akasema, "Marahaba mwanangu, anaishika na mjukuu wangu, ila huyo hajui kusoma bado," yule binti akaandika.